Mkono Chini ya Spana ya Cheni

Mkono wangu wa kushoto haufungi ngumi vizuri. Watu wakiniuliza nawajibu kwamba nilifinywa na spana, na wengi wanaridhika, maana spana haina hadithi.

Miaka ya themanini nilikuwa msaidizi kwenye mtambo wa kuchimba visima. Tulikuwa wawili tu, fundi na mimi, tukizunguka na lori Kitui na Makueni. Fundi alikuwa mtu wa Nunguni, kule kwenye baridi, na joto la Kitui lilimfanya awe mkali zaidi ya alivyozaliwa. Alipenda vyombo vyake kuliko alivyonipenda mimi, na hakuona haja ya kulificha hilo. Kila asubuhi kabla ya chai nilitakiwa kupiga brashi ya waya meno ya kila chombo kinachoshika bomba, niangalie kama yamelika, kisha niyaache makavu. Grisi ilikuwa ya bolti na beringi. Jino la kushika bomba halikupakwa kitu, hata tone. Nilimwita daktari wa meno, ila nilihakikisha yuko mbali.

Kisima ninachokisema kilikuwa kusini ya Mutomo, mahali ambapo wanawake walifukua mchanga wa mto mkavu na kungoja maji yajikusanye kwenye shimo. Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi. Nilikuwa nimeyanywa tangu tufike, na tumbo langu lilijua. Kwa hiyo tulipopata maji mazuri chini ya mwamba, nilifurahi kama mwenyeji. Ilikuwa Jumamosi. Fundi alisafisha vyombo kwa mkono wake mwenyewe, akavifunika kwa gunia, na Jumapili tukaenda Mutomo kupumzika.

Jumatatu tulikuta kanisa zima limeshafika, kina mama wamekaa chini wakiimba, wanangoja kuona pampu ikiingia. Fundi alifunua gunia, akaona wekundu wa vumbi kwenye meno, akayapangusa kwa lile gunia. Brashi hakuiomba. Nadhani aliona aibu kuwaweka watu juani kwa ajili ya brashi.

Mabomba ya pampu huteremshwa moja baada ya lingine, pampu yenyewe ikitangulia chini. Yaliyokwisha kuingia hushikiliwa mdomoni mwa kisima na kibano, yaani vyuma viwili vyenye meno, vinavyokazwa kwa bolti. Bomba jipya huning'inia juu kwenye winchi. Fundi alikuwa akilizungusha hilo la juu ili liungane, na mimi nikilishika la chini kwa spana ya cheni, cheni yake imelikumbatia, lisizunguke. Yalikuwa yamebaki machache. Bomba jipya lilikuwa limeshika nyuzi chache tu za skrubu wakati la chini lilipoteleza ndani ya kibano.

Liliivuta spana nalo. Mpini ukashuka juu ya mkono wangu, ukaulaza kwenye pengo kati ya vile vyuma viwili vya kibano. Lile pengo ndilo lililoniokoa mifupa. Nilivuta, haukutoka. Uzito wote wa mabomba ulikuwa sasa umegawanyika kati ya kibano kinachoteleza na spana iliyonilalia, na kila baada ya muda bomba lilishuka kidogo, upana wa ukucha, na mpini ukanikaza zaidi.

Wimbo ulikatika. Fundi alipiga magoti karibu yangu, akaangalia, akatema mate.

"Kibano kingine?" nikamuuliza, ingawa nilijua. Kilikuwa Kitui mjini kikichongwa meno mapya, na lori lisingerudi nacho kabla ya jioni. Jioni mkono ungekuwa umeshakuwa chapati.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mwalimu mstaafu, alisogea. "Fundi, vuta na winchi."

"Hapo juu imeshika kidogo sana. Ikichomoka, zote zinaenda, na mkono wa huyu unaenda nazo."

"Lakini inaweza kushika."

"Inaweza."

"Na ukifungua cheni?"

"Mkono unatoka. Mabomba na pampu vinaanguka chini, na hakuna mtu atavitoa. Hiyo ni kuzika kisima. Na sisi tunangojwa Matiliku, hatuwezi kubaki kuchimba kingine."

Mwenyekiti akasema polepole kwamba tujaribu winchi kwanza. Nilimchukia. Halafu nikawaona wale kina mama nyuma yake, kila mmoja na debe lake, nikashindwa kumchukia vizuri. Nilikuwa nimenaswa mahali ambapo hata hasira yangu haikuwa na nafasi ya kugeuka. Watu walikuwa wakipima mkono wangu na maji yao mbele yangu, na mimi ningekuwa upande wao, kama mkono ungekuwa wa mtu mwingine.

Kiongozi wa kina mama alikuja na kikombe. Wote walimwita mwaitu, mama, nasi tukafuata. Aliniinua kichwa, akaninywesha yale maji ya chumvi, akanipangusa jasho kwa leso yake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Na vile sisi tulikuja hapa jana baada ya kanisa, tukaosha hizi vyombo zenu zote. Tukazipaka mafuta ya ng'ombe, ile nzuri, kwa meno yote, ndio zifanye kazi bila kuumia. Sijui ni nini imeingia hapa."

Fundi alikuwa ameshika bolti ya kibano. Alipeleka vidole vyake puani, akavinusa, akaniangalia. Sikuwahi kumwona mtu akizeeka haraka hivyo. Akavifuta vidole kwenye suruali.

Bomba lilishuka tena, na safari hii nililia kwa sauti.

Mwaitu alisimama. "Fungua hiyo cheni."

"Mwaitu, tungojee kidogo," mwenyekiti alisema.

"Mto tunaujua. Fungua."

Fundi akagonga pini ya cheni kwa nyundo. Spana ililegea, nikavuta mkono, na mabomba yakaondoka. Tuliyasikia yakigonga mwamba hadi chini kabisa, na baadaye hatukusikia kitu. Mama mmoja aliinuka akaondoka bila kuaga, na debe lake tupu.

Walinifunga mkono kwa kitambaa. Mwenyekiti alimgeukia fundi, akamuuliza mbele ya watu wote kwa nini kile chuma kiliteleza, kwa maana wao walitaka kuelewa. Niliangalia chini. Yule mtu ambaye angeweza kupigana kwa ajili ya spana alisimama pale na kofia mkononi.

"Vyombo vyangu ni vibovu," alisema. "Nimekuja kwenu na vyombo vibovu."

Watu waliguna. Mwaitu alimtazama bila hasira.

"Basi tuombe," akasema. "Mungu awape vyombo vizuri."

Wakatuzunguka, fundi, mimi na mtambo, wakashikana mikono, wakatuombea sala ndefu ya Kikamba. Walikuwa wamefumba macho wote. Mimi nilishindwa kuyafumba, na njia ya kutoka katikati yao haikuwepo.