Nililima Kwake Kwanza

Tela lilikuwa juu ya mizani, limejaa ngano, na mimi nimesimama juu ya ngano hiyo na bambo la sampuli mkononi, Bwana Meneja aliponiita kutoka chini akaniambia kwamba nafasi yangu ya chuo imefutwa. Hakuniita ofisini. Alisema palepale, madereva wakisikia. Mume wangu alikuwa amepita juzi, alisema, akiwa na sare yake ya jeshi, mtu wa heshima sana, akamwarifu kwamba siendi tena. Kwa hiyo jina langu ameliondoa, na mwisho wa mwezi atapeleka la mtu mwingine.

Nikamuuliza kama mume wangu ndiye aliyefanya usaili.

"Mama Neema, usinipandishie sauti. Mimi nimeongea na mwenye mke."

Nikaweka bambo chini. Aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba haya ya ngano ya serikali ataelewa maana yake. Karani wa sampuli haweki bambo chini tela likiwa kwenye mizani, hata mvua inyeshe, hata mtoto alie. Mimi nililiweka, nikashuka, nikaenda zangu nyumbani. Nyuma yangu matrekta yakaanza kupiga honi, foleni ikarefuka mpaka barabarani. Nilisikia dereva mmoja akisema, "Leo ngano itajipima yenyewe." Sikugeuka.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu, watu wenye mvi na saa ya ukutani waliyopewa siku ya kuagwa. Mimi sina mvi. Nina Neema, ambaye ameanza kuuliza maswali magumu, na mdogo wake ananyonya hapa ninapoandika. Lakini kazi hii naijua, nimeifanya vizuri, na sitaki wasichana watakaokuja baada yangu waikute kama vile hakuna mwanamke aliyewahi kuishika.

Siku ya kwanza nilifika Basotu na lori la shamba nikitokea kwetu Dongobesh, cheti changu cha kidato cha nne kimefungwa kwenye kitambaa, sweta moja, viatu vya shule. Nilipelekwa kwa Karani Mkuu wa Mizani, mzee mrefu aliyevaa koti la mvua hata siku ya jua. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, hakuangalia cheti.

"Meno yako mazima?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi tunza hayo kuliko cheti."

Akanipa punje tatu za ngano nizing'ate moja moja. Ya kwanza ilipasuka kwa mlio mkavu. Ya pili ilikatika bila mlio. Ya tatu ilibonyea, ikanata kwenye jino. Ile ya kwanza ndiyo inayoingia ghalani, alinieleza, ya pili inasubiri juani, ya tatu inarudi kwa aliyeileta. Ngano mbichi ukiilundika inapata joto ndani kwa ndani. Nje unaiona nzuri, ukiingiza mkono katikati ya lundo utadhani umeutia kwenye uji. Ghala zima linaweza kuharibika kwa tela moja.

Kipima unyevu tulikuwa nacho, mashine ndogo ya betri iliyoletwa na wataalamu wa kigeni. Betri zikiisha, tulingoja mpaka ziletwe kutoka mjini. Kwa hiyo tulijua vyote viwili, mashine na meno.

Bambo ni chuma kirefu chenye tundu, ncha yake kali. Unalichoma ndani ya gunia au lundo, unalivuta, linatoka na punje za mahali ulipofika. Ujanja wa madereva ulikuwa kuweka ngano kavu juu na ile iliyonyeshewa chini. Wa kwanza niliyemkamata alinicheka kabla sijamkamata.

"Binti, hilo ni bambo au sindano? Unaichanja ngano surua?"

Nilipanda nikachoma pembeni, nikalisukuma mpaka sakafu ya tela. Ilitoka ngano iliyoanza kuota machipukizi meupe. Nikamwonyesha kiganja. Aliwasha trekta akageuza. Tangu siku hiyo wakaniita Nesi, na lilikuwa jina la heshima. Nesi akiwa zamu, walisema, usilete mgonjwa.

Nilianza kama kibarua wa ghala, nikawa karani wa sampuli, kisha wakanihamishia shamba la pili upande wa Mogitu kusaidia kwenye mbegu, halafu wakanirudisha Basotu kwa sababu aliyekuwa mahali pangu alipitisha ngano mbichi. Huko kwenye mbegu ndipo nilipogundua nisichokijua. Bwana Shamba wa Mbegu, mtu mpole aliyesoma, aliniwekea mikate miwili mezani. Ngano zote mbili nilizipitisha mimi, zote kavu, zote safi. Mkate mmoja umeumuka kama mto wa kulalia, mwingine umelala kama tofali. Nikamuuliza kwa nini. Alijaribu kunieleza mambo ya protini na naitrojeni kwenye udongo. Nilifika naye mahali fulani, halafu nikapotea. Alinihurumia kidogo, nikachukia kuhurumiwa.

"Hili linasomwa chuoni," alisema. "Miaka miwili. Wewe ukilisoma, hutakaa kwenye mizani tena. Utakuwa mkaguzi."

Kuanzia siku hiyo nilijua ninakokwenda.

Sasa nieleze habari ya mume. Baba Neema ni wa kwetu Dongobesh, tulisoma shule moja ya msingi, na alipokuja kuposa alikuwa askari mpya. Mbele ya baba yangu na wazee tuliongea wazi, maana wote wawili tulitaka kusoma. Baba yangu ni mkulima, akatoa mfano wa plau. Kwetu si kila nyumba ina ng'ombe wa kutosha kukokota plau, kwa hiyo majirani wawili huunganisha ng'ombe wao. Wanalima kwa mmoja kwanza, kisha wanahamia kwa mwenzake kabla mvua haijapita. Aliyelimiwa kwanza haruhusiwi kuchoka. Akiwafungia ng'ombe zizini shamba la mwenzake likiwa bado, anasemwa ukoo mzima.

"Basi tulime kwangu kwanza," Baba Neema alisema siku ile, "kisha kwake." Wazee wakamwombea kwa Mungu, wakaitikia, tukala.

Tukalima kwake. Alikwenda kozi ya ukoplo nikiwa na mimba ya Neema. Nilijifungua wiki ambayo kombaini ziliingia shambani, na kabla mavuno hayajaisha nilikuwa nimerudi kwenye mizani, mtoto kwenye boksi la vipuri lililotandikwa magunia. Alikwenda kozi ya ufundi wa magari nikiwa na mimba ya pili. Sikumwandikia barua hata moja ya kulalamika. Alipopewa cheo chake, picha yake niliibandika ofisini juu ya mizani, madereva wote wakaiona. Nilijivuna, na ninajivuna mpaka leo. Ni askari mzuri. Wanaodhani nimekasirika kwa sababu simpendi hawajui hasira.

Nafasi ya chuo ilipotangazwa, nilifanya usaili na wanaume wanne, nikachukuliwa mimi. Karani Mkuu, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alivua kofia ya koti lake akasema, "Hata meno yanaweza kusoma." Mama mkwe alishakubali kukaa na watoto. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa mume ambaye hakusema hapana kwangu, akaenda kuisema kwa Meneja.

Kesho yake baada ya kuweka bambo chini, nilipanda lori la shamba kwenda Dongobesh. Alikuwa likizo, nilimkuta juu ya paa la mama yake anapigilia bati. Aliponiona katikati ya msimu, bila mzigo, akajua. Akashuka taratibu.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Ulimwambia Meneja."

Akaeleza. Amechaguliwa kozi ya usajenti. Sajenti mwenye familia anapewa kota kambini: vyumba viwili, umeme, bomba mlangoni. Lakini kota inatolewa kwa aliye na mke na watoto ndani yake. Nikienda chuo, kota inakwenda kwa mwingine, naye anarudi kulala bwenini na vijana. Na kota ikishakwenda, haijulikani itarudi lini.

"Na mimi nitafanya nini humo ndani?"

Akafikiri kabisa, kama mtu anayetafuta kitu kizuri cha kunipa.

"Utapumzika," alisema.

Nilicheka. Mama mkwe alitoka nje kuangalia kuna nini. Yaani mimi niliyegeuza matrekta ya serikali nimekuwa kufuli ya nyumba, ninaning'inia mlangoni ili asiingie mtu mwingine.

Nikaenda kwa baba yangu. Nikamkumbusha plau. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama mahindi yake, akasema jeshi ni serikali, mwanangu, na serikali haina zamu. Tuseme ng'ombe ni wa serikali, tutafanyaje? Wazee wengine waliokuwepo siku ya posa nao walisema hivyohivyo, kila mmoja kwa maneno yake. Nilitegemea wazee wote walioshuhudia wamkemee. Hakuna aliyemkemea. Waliniombea uvumilivu.

Nikarudi Basotu. Mama Gidamis, Mbarbaig anayetuletea maziwa kwenye kambi ya wafanyakazi, alinikuta nimekaa kwenye ngazi sijawasha hata moto. Kiswahili chake ni kifupi, kila neno linafanya kazi. Aliuliza, nikamweleza. Akashusha kibuyu.

"Ninyi wa mlimani, mume akikosa unamwambia wapi?"

"Nyumbani. Au kwa wazee."

"Nyumbani ni kwake. Wazee ni wake." Akatikisa kichwa. "Kwetu mwanamume akimkosea mwanamke, wanawake tunakaa. Wote. Tunamwita, anakuja, anasikia. Anatoa dume la ng'ombe. Hata mkubwa anatoa."

"Huyu wangu ni askari, mama. Hana dume. Atasikia wapi?"

"Wewe unajua anaogopa nani," alisema, akapima maziwa.

Ni kweli, nilijua. Nikaomba ruhusa. Karani Mkuu akaniandikia bila kuuliza ninakokwenda, ila alisema nisikawie maana mvua za mwisho zimeloweka mashamba ya chini. Nikambeba mdogo mgongoni, nikapanda basi kwenda kambini kwa mume wangu, yeye mwenyewe akiwa bado juu ya paa Dongobesh. Getini nikasema nimekuja kumshtaki askari kwa Mkuu wa Kikosi. Hawakushangaa. Wake wa askari huja na mashtaka, kuna ofisa amewekwa kwa ajili hiyo. Alikuwa kijana nadhifu, luteni, akavuta kiti, akanipa maji, akashika kalamu.

"Pole, mama. Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Hatumi matumizi?"

"Anatuma. Hajawahi kukosa."

Akaweka kalamu chini. "Sasa mama, mbona huyo ni mume mzuri?"

"Ni mzuri. Andika."

Alisema hajui ataliandika chini ya kosa gani. Nikamwambia anipe karatasi niandike mwenyewe, kosa atalitafuta baadaye. Mtoto alianza kulia nikamnyonyesha huku ninaandika, na yule luteni akageukia dirishani kwa adabu.

Wasichana mtakaolishika bambo baada yangu, sikilizeni kabla sijafika mwisho. Meno yenu yatunzeni. Chomeni mpaka sakafu ya tela, msidanganywe na ya juu. Mtu akikwambia ngano yake ni kavu, mwamkie shikamoo kama ni mkubwa, kisha panda upime. Nimeacha mizani isiyodanganya na ghala ambalo halikuwahi kuoza mkononi mwangu. Nikienda chuo au nisipokwenda, hilo nimelifanya.

Haya ndiyo niliyoandika. Nilimsomea luteni kwa sauti, nakala moja ikabaki kwa Mkuu wa Kikosi, nyingine nikaja nayo kwa Bwana Meneja, nikaiweka mezani kwake madereva wakiwa mlangoni:

"Mimi, Paskalina Tluway, Karani wa Sampuli, mke wa Koplo aliye chini yako, ninamlalamikia mume wangu kwa kusema kwa niaba yangu maneno ambayo sikuyasema. Hakunipiga wala hakunitupa. Alimwambia mwajiri wangu kwamba siendi chuo, na mwajiri wangu akamwamini kwa sababu ya sare yako aliyoivaa. Kwa hiyo jambo hili ni lako pia.

Siombi azuiwe kwenda kozi. Aende, na apewe cheo, anakistahili. Kota mpeni mwenye familia ya kuiweka ndani. Yetu itakuwa shuleni kwa miaka miwili. Ninaomba aamriwe arudi kwa Meneja kabla ya mwisho wa mwezi, akiwa na sare ileile, aseme mbele ya madereva walewale waliosikia nikifutwa kwamba mke wake anakwenda.

Tuliahidiana mbele ya wazee. Nililima kwake kwanza, nikiwa na mimba, mara mbili. Mvua bado ipo. Mwambie awatoe ng'ombe zizini."