Taulo ya Wageni

Hartmut Pietschke alikuwa akilima uchi wa mnyama. Nalisema mapema ili anayetaka kuguna agune sasa amalize, maana katika bustani za Morgensonne, kule kando ya mto Elbe, hilo halikuwa jambo la kuguniwa. Kabla ukuta wa Berlin haujaanguka, wote wa pale walilima hivyo: makarani, mafundi wa reli, mwalimu wa hisabati na mkewe. Ukifika kwenye kiwanja chako unavua, unatundika nguo kibandani, unachukua jembe. Aliyebaki na suruali ndiye aliyekodolewa macho, na watu walinong'onezana kwamba huenda ametumwa na serikali kuja kuwasikiliza.

Hartmut alikuwa fundi wa injini za treni, na kiwanja alikipata angali kijana. Roswitha alimkuta hukohuko, upande wa pili wa ua wa vichaka, ameinama anang'oa vitunguu. Walizungumza habari za mbolea kiangazi kizima kabla hata mmoja wao hajamwona mwenzake amevaa. Siku walipopishana mjini, kijana wa watu kavaa koti na kofia, Roswitha alimpita kama gogo.

"Nisamehe," alimwambia kesho yake huku akicheka, "nitakujuaje ukijifunga hivyo?"

Wakaoana. Raha za kazi ile Hartmut alikuwa akizisimulia mpaka unatamani kuvua hapohapo: jua mgongoni asubuhi, upepo usiobanwa na shati, maji ya keni ya kunyunyizia yakikuchuruzikia mpaka nyayoni baada ya kumwagilia, na mwisho wa siku huna nguo ya kufua. Madhara hakuyasimulia sana, ila majirani waliyajua. Nyigu hachagui pa kuuma. Miiba ya mawaridi hujua njia zake. Kukaanga chapati za viazi kibandani bila aproni ni ushujaa wa kijinga, na Hartmut aliufanya kila Jumapili.

Ila lililomweka alama ni karoti nyeupe. Mchana mmoja wa Julai alikata majani yake, akayakumbatia fungu zima kifuani, akayapeleka kwenye lundo la mbolea. Utomvu wa majani yale ukipata ngozi na jua kwa pamoja, huunguza kama mafuta ya moto. Usiku huo tumbo lilijaa malengelenge, na yalipokauka liliachiwa doa la kahawia kutoka kitovuni hadi nyongani, lenye umbo la kiatu cha mvua.

"Wenye akili huvaa aproni, we mzee," Roswitha alisema, akilifuata doa kwa kidole.

"Na wenye aproni hawana cha kusimulia."

Jambo moja halikuwa na mzaha. Hukalii kiti cha mtu bila taulo chini yako. Ya Hartmut ilikuwa ya buluu, ya Roswitha ya njano, na kwenye msumari wa mlangoni ilining'inia ya tatu, yenye mistari ya kijani. Hiyo ilikuwa ya wageni. Roswitha aliifua na kuikunja mwenyewe, na mgeni hakufika mezani kwenye keki ya plamu kabla hajatandikiwa.

Miaka ikaenda. Kisha Roswitha akaanza kusahau. Kwanza ilikuwa miwani, halafu njia ya dukani, halafu jina la dada yake. Baadaye, wakiwa nyumbani ghorofani, alianza kumsahau mumewe. Leo alimwita fundi wa bomba, kesho daktari, na siku moja alimsihi asiibe saa ya ukutani. Hartmut aliyapokea yote kwa utulivu, akamwachia saa yake, kisha akaingia bafuni akalia bomba likiwa wazi.

Lakini bustanini ilikuwa vingine. Hartmut akishavua, akishika jembe kati ya maharage, Roswitha alimwendea moja kwa moja, akaweka kidole kwenye doa la tumbo na kusema, "Hartmut, aproni." Basi. Maneno mawili, na mtu yule alikuwa amepata chakula cha wiki. Majira ya baridi aliyavumilia tu, akiitwa fundi wa bomba, akisubiri Mei.

Wakati huohuo Morgensonne yenyewe ilikuwa inabadilika. Wazee walikufa mmoja mmoja, na viwanja vyao vikachukuliwa na vijana kutoka miji mikubwa, watu wazuri tu, wenye mbegu za bei na kofia za majani. Walilima wamevaa. Mwanzoni walicheka, baadaye wakalalamika, mwishowe wakaitisha kura. Gudrun Seidelmann, mwenyekiti wa chama cha bustani, ndiye aliyeleta habari. Alimkuta Hartmut akipalilia, akazungumza naye akiwa njiani, macho juu ya mti wa plamu.

"Hartmut, kura zimepigwa. Kuanzia Jumamosi ni nguo kwa kila mtu. Asiyevaa anarudisha kiwanja."

"Gudrun! Wewe ambaye nimekuona miaka thelathini ukichuma stroberi na kofia tu?"

"Kofia ilikuwa nzuri ile," alisema Gudrun, lakini hakucheka.

"Basi niache niurefushe ua. Asiyetaka kuniona hataniona."

"Ua ni mwisho kifuani, unajua. Wako umeshapita. Ukate kabla ya Jumamosi."

"Hebu nielewe. Nikate ua ili wanione vizuri, halafu nivae kwa sababu wananiona?"

"Sheria zote mbili sikuziandika mimi."

Hartmut akaweka jembe chini. "Rosi hanijui nikiwa na nguo, Gudrun. Kabisa hanijui."

Gudrun alitazama viatu vyake. "Ingekuwa juu yangu ningekuacha. Haiko juu yangu."

Walikuwa na haki, kwa sheria zao. Mimi bado nina kinyongo nao.

Na Hartmut? Alikuwa mtu wa reli, mtu wa kufuata ishara. Nyekundu ikiwaka unasimama. Ijumaa alichukua mkasi, akaukata ua kwa kamba iliyonyooka, mpaka kifuani, hakuna tawi lililozidi. Jumamosi akaja na suruali na shati jeupe, akamfunga Roswitha vifungo vya gauni, akaenda kuchuma maharage kama raia mwema.

Roswitha alisimama mwisho wa tuta akimwangalia.

"Bwana, unamtafuta nani?"

"Ni mimi, Rosi."

"Hapa hatuvai hivyo. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mke wangu. Mimi Hartmut."

"Hartmut ni mume wangu mimi! Anakuja sasa hivi, atakutoa mbio!" Akageuka, akaanza kuzunguka matuta akiita. "Hartmut! Hartmut wee!" Aliita nyuma ya kibanda, akaita kwenye plamu, na sauti ikaanza kukatika, kwa maana hakuna aliyeitika. Aliyekuwa akiitika alikuwa mtu mgeni mwenye shati jeupe.

Hartmut alitazama ua alioukata kwa mkono wake mwenyewe. Ng'ambo yake alisimama Torben, jirani mpya, keni mkononi, mdomo wazi. Hartmut akafungua vifungo. Akavua shati, akavua suruali, akavua vyote, akasimama kwenye maharage yake jinsi alivyosimama ujana wake wote.

Roswitha alikuja mbio. Kidole kikaenda kwenye doa.

"Aproni," alisema, akihema. "Ulikuwa wapi wewe? Kulikuwa na mtu hapa, kajifunga mpaka shingoni!"

"Ameshaondoka."

"Asirudi."

"Harudi, Rosi."

Torben aligeuza mgongo akaendelea kumwagilia, na hakumwambia mtu, hilo nampa. Lakini njia ile ilipitwa na wengi siku ya Jumamosi, na wengine walikuwa na ndimi. Gudrun alirudi wiki ile ile. Alikuja kukitaka kiwanja, na Hartmut hakubisha. Akaachiwa avune. Kufikia baridi ya kwanza kibanda kilikuwa kimebomolewa, kama chama kinavyotaka kwa anayeondoka, na vilivyopanda ghorofani ni keni, jembe dogo na taulo tatu.

Novemba Hartmut alijaribu jambo lake la mwisho. Aliwasha joto mpaka vioo vikatoka jasho, akashusha mapazia, akabandika jikoni maharage yao ya mwisho ili chumba kinukie bustani. Kisha akavua. Alisimama karibu na jiko, doa lake mbele, moyo ukimdunda kama wa bwana harusi.

Roswitha aliingia, akapiga ukelele. Akatupa mfuniko, akatupa kijiko, akajibanza nyuma ya mlango akiomba asidhuriwe. Jirani wa chini alikuja kugonga.

"Kuna nini humo? Niite polisi?"

"Sufuria imeanguka, mama," Hartmut alijibu mlangoni, akivuta suruali. "Sufuria tu."

Aliporudi jikoni amevaa, kafunga vifungo mpaka shingoni, Roswitha alikuwa ametulia kidogo.

"Yule mtu ameondoka?"

"Ameondoka."

"Ahsante sana, bwana. Umekuja kwa wakati."

Akamtazama shati lake jeupe kwa upole, jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyefika kwa mara ya kwanza. Kisha akaenda kwenye kikapu cha vitu vya bustani. Taulo ya njano aliiweka mapajani pake kwanza, akaiacha. Ya buluu aliisogeza pembeni kwa uangalifu, isichafuke. Akatoa yenye mistari ya kijani, akaitandika kwenye kiti cha mumewe, akainyoosha kwa viganja.

"Karibu ukae, bwana," alisema. "Mume wangu yuko bustanini. Hachelewi."

Hartmut akakaa.