Safu ya Tatu

Mwaka ule binti yangu mkubwa alikuwa ameanza darasa la tano katika miji miwili, na hakulimaliza hata katika mmoja. Alilianza Niania, nilipokuwa nikinunua mchele na kuupakia kwenye malori. Akalianza tena Marabo, kwa sababu niliona huko kuna mashamba mazuri na watu wapole. Mambo yalipoharibika barabarani tukaja Bunia, tukapanga nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Shari, na huko shule ilikuwa imejaa.

Direkta wa shule alinipokea vizuri. Alisema turudi Septemba, atampima mtoto, na akionekana anajua kufikiri atamwingiza moja kwa moja darasa la sita. Alirudia mara mbili kwamba haulizi kukariri, anauliza kufikiri. Kisha akaniangalia viatu, ambavyo bado vilikuwa na udongo wa safari, akasema watoto wa wasafiri humsumbua: wanaanza naye Septemba, na Februari dawati liko wazi.

Nikarudi nyumbani nikiwa mwalimu. Mke wangu alikuwa anauza maharagi sokoni toka asubuhi, na mimi kwa wakati ule sikuwa na kazi ya kueleweka. Hesabu na Kifaransa nilivijua vya kutosha, nilimaliza sekondari. Lakini kufikiri kunafundishwa na kitabu gani? Sisi hatukufundishwa. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, na aliyeuliza sana alitumwa kuchota maji.

Nilianza sokoni, kwa wale wanaotandika vitabu vya zamani juu ya bashi la turubai. Nilipata kimoja cha Kifaransa, kinene, chenye mafumbo. Fumbo la kwanza lilikuwa la treni mbili zinazotoka miji miwili na kukutana njiani. Binti zangu hawajaona treni. Mkubwa alitaka kujua kama kuna vizuizi vya kulipia njiani, maana kama viko hesabu inabadilika. Mdogo, mwenye miaka minane, alitaka kujua treni zinabeba nini. Nilifungua nyuma kutafuta jibu nikakuta kurasa za majibu zimechanwa. Sijui hadi leo kama walikuwa wamekosea au walikuwa wamefikiri kuliko kitabu.

Shangazi wa mke wangu alisema natafuta bure, vitendawili vinatosha. Tukavijaribu siku mbili. Wasichana walivijua vyote. Walijibu kabla sijamaliza, na hapo nikajiuliza kama huko ni kufikiri au ni kukariri kulekule kwenye nguo nyingine. Jirani mmoja, mwalimu mstaafu, akasema niache mambo hayo, nimpe mtoto hesabu za kugawanya mpaka achoke. Kila mmoja nilimwamini kwa muda wa siku moja.

Mwishowe, kwenye kibanda cha fotokopi, niliona kijitabu cha kurasa ishirini hivi, kopi ya kopi, maandishi yamefifia. Kila ukurasa ulikuwa na sentensi, na mbele yake safu tatu: kweli, uongo, haiwezekani kujua. Nilikinunua kwa sababu ya ile safu ya tatu. Shuleni kwetu haikuwapo.

Ukurasa wa nne ulikuwa na kuku. Umeona kuku mmoja wa jirani, ni mweusi. Je, kuku wote wa jirani ni weusi? Mdogo alisema kweli, kwa sababu jirani yetu anao wawili na wote weusi, amewaona. Mkubwa akamwambia hawaulizi jirani yetu, wanauliza jirani wa kitabu, na huyo tumeona kuku wake mmoja tu. Chini ya ukurasa kulikuwa na kanuni: mfano mmoja hautoshi. Mkubwa aliipenda. Kwa wiki nzima kila alichoambiwa, iwe na mama yake, iwe na shangazi, alijibu mfano mmoja hautoshi, mpaka mama yake akamtishia kumnyima mboga yake ya sombe na kumwachia afikiri kama ni kweli au uongo.

Siku zile Niania ilikuwa ikiniita. Mtu niliyekuwa nikifanya naye kazi zamani alipiga simu, akasema kuna depo la mchele, linataka mtu anayeijua njia. Niliongea naye nje, karibu na ukuta, sauti ya chini. Baada ya hapo nilikaa nikikumbuka harufu ya majani mabichi pale asubuhi, malori yamejipanga, watu wakinawa nyuso kwenye ndoo. Nilipokuwa Niania nilikuwa nikikumbuka Bunia ya ujana wangu namna hiyohiyo. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

Kesho yake niliwapa wasichana kazi: kila mmoja aandike sentensi tano zake, aweke alama kwenye safu inayofaa, na mimi nisahihishe. Mkubwa alileta karatasi yake kwanza. Mama anauza maharagi: kweli. Mvua inanyesha Bunia kila siku: uongo. Nilikuwa nikiweka alama haraka, mpaka ya tano.

Papa atakuwa hapa mpaka nimalize darasa la sita.

Msalaba ulikuwa kwenye safu ya tatu.

Nikamwuliza kwa nini ameuweka pale. Hakuona haya, alijibu kama anayejibu swali la kuku.

«Leo uko hapa, ile njo kweli. Lakini na Marabo pia ulikuwaka.»

 Kama mwalimu, jibu lilikuwa sahihi. Hata mimi sikujua, na mwenye kujua ningekuwa mimi. Kama baba, nilitaka kuweka alama ya kosa, kubwa, nyekundu. Lakini nikiiweka nitakuwa nimemfundisha nini? Kwamba tunafikiri mpaka pale papa anapokasirika? Nikaweka alama ya sahihi. Nikaandika juu: tano juu ya tano.

Aliichukua karatasi, akaikunja.

«Yaya amepata zote,» mdogo akasema akimwonyesha dada yake mkubwa, «na amenuna. Siye wengine tutafanya nini?»

Nilimwomba mkubwa anirudishie, kuna kitu nataka kubadilisha.

«Umeisha kusahihisha, papa.»

Niliwapigia watu wa Niania nikawaambia sasa hivi siwezi. Wakauliza mpaka lini.  Septemba nilimpeleka mtoto shuleni, akapimwa, akaingia darasa la sita. Direkta alimwuliza hesabu na kusoma tu. Kuku hawakutajwa, wala treni, na nikatoka pale nisijue ile miezi yote nilikuwa nikichagua vitabu kwa ajili ya nini.

Sasa ni Februari. Dawati lake lina mtu. Jana nilikuwa napepea mbabula, jiko letu la makaa, yeye anachambua maharagi ya mama yake, na nikaona ile karatasi imebandikwa ukutani kwa uji, karibu na mlango wa chumba chao. Nikamwambia labda sasa anaweza kuuhamisha ule msalaba.

«Bado,» akasema. «Mufano moya haitoshi.»

Nikamwuliza, basi ni mifano mingapi inayotosha. Aliacha maharagi, akaenda kuleta kile kijitabu, akakipitia ukurasa kwa ukurasa, kidole juu ya maandishi yaliyofifia. Kisha akanipa nitafute mwenyewe. Nimekisoma chote mara mbili. Hawakuandika.