Nilimweka mzee wa ukoo wao kwenye panel nikidhani namsaidia binti, nikamfunga mdomo

Wakuu, heshima kwenu wote, wa siku nyingi na waliojiunga jana.

Humu mimi ni msomaji tu. Nacheka na nyinyi, napita. Leo nina langu. Majina nimebadilisha na chuo sitakitaja, mjue tu kiko huku kwetu Kisii na Nyamira. Mengine yote nayaweka vile yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga. Hasa pale.

Kazi yangu ni ya ofisi. Mafaili, barua, kuandika minutes za mikutano. Niko kwa contract, siyo permanent. Hilo mlikumbuke kwa sababu litarudi.

Mwaka jana chuo kilileta training ya siku mbili kuhusu unyanyasaji wa kingono na ubaguzi. Ilikuwa lazima kwa wafanyakazi wote na viongozi wa wanafunzi. Mimi ndiye niliyepanga viti, nikatafuta projector, nikabeba register.

Facilitator alikuwa dada mmoja kutoka Nairobi, mchangamfu, haogopi mtu. Aliambiwa atumie Kiswahili ili hata akina mama wa jikoni wafuate. Basi akashika mic na kuanza kutaja mambo kwa majina yake. Sehemu za mwili, kushikwa wapi, kuambiwa nini, kila kitu.

Wakuu, mngeona ukumbi ule. Walimu wenye degree tatu wakazama kwenye simu. Akina mama wa jikoni wakajifunika nyuso kwa leso, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mzee Ombati, anayesimamia shamba la chuo, alisimama, akachukua kofia yake na kutoka nje. Alikaa chini ya ukingo wa paa mpaka saa ya chai. Baada ya chai akaingia, dada akaanza tena, mzee akatoka tena.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kwenye register nikamwekea tick kwamba alihudhuria.

Kwa wale wasio wa huku, nieleze kidogo. Sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu yenye sheria. Mtu wa kizazi cha baba yako, hasa wa ukoo wenu, ni baba yako. Mbele yake hutaji mambo ya mwili, na yeye hayasikilizi ukiwepo. Mle ukumbini kulikuwa na mabinti wawili wa ukoo wa Mzee Ombati. Ndiyo maana alitoka. Kila Mkisii mle ndani alijua, na tulicheka kwa sababu siku hizi tukiwa ofisini tunajifanya hayo yalibaki nyumbani.

Siku ya pili dada alisema jambo nikaliandika na kulipigia mstari: kwenye panel ya kusikiliza malalamiko, pawe na angalau mtu mmoja ambaye mlalamikaji anamwona ni wake.

Nililipenda sana. Mwisho wa training nikapewa mic nifunge kikao, nikawaambia wanafunzi, "Mkipatwa na jambo, njooni ofisini kwangu. Mlango uko wazi." Wakapiga makofi. Nikapewa certificate, nikaitundika ukutani, nikafanywa katibu wa kamati. Nilijiona mtu.

Wiki tatu baadaye akaja Kemunto.

Alikuwa mwaka wa nne, binti wa wakulima wa chai kule Nyamache, mpole, Msabato wa kweli. Alikuwa na missing marks za masomo mawili. Mtihani aliufanya, marks hazionekani, na bila hizo huwezi kugraduate. Mwalimu wa masomo hayo, tumwite Dokta, alimwambia karatasi zake ziko nyumbani kwake upande wa Suneka, aende wazitafute pamoja.

Alienda. Mchana peupe.

Yaliyotokea kule sitayaandika hapa. Si yangu. Lakini mimi aliniambia yote, mwanzo hadi mwisho, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza yangu, akichanganya Kiswahili na Ekegusii, lugha yetu, macho yake kwenye ile certificate. Mimi ni wa Nyamira, ukoo mwingine kabisa, na umri wangu ni kama wa kaka yake mkubwa. Kwangu hakuna kilichomzuia.

Alipomaliza akasema, "Sir, nimekuja kwa sababu ulituambia tukuje."

Nikampa karatasi, akaandika kurasa tatu kwa mkono, maandishi safi ya mwanafunzi wa kukaa mbele. Nikagonga muhuri.

Panel ilikuwa ya watu watano. Wanne walichaguliwa na ofisi ya juu, na mmoja wao alikuwa rafiki wa Dokta, wanakunywa chai meza moja. Wa tano nikaambiwa nipendekeze mimi, awe mfanyakazi wa kawaida.

Nikakumbuka ule mstari wangu. Mtu wake.

Nikampendekeza Mzee Ombati.

Msinicheke bado. Niliwaza hivi: mzee ni wa Nyamache, ukoo mmoja na Kemunto. Haogopi mkubwa yeyote. Mara moja alimwambia mkuu wa chuo mbele ya watu kwamba ng'ombe wa chuo wanakula vizuri kuliko wanafunzi. Huyu Dokta akianza Kiingereza chake, mzee atamkata. Niliona nimecheza kama Pele. Kwamba mzee huyu ndiye yule yule aliyekaa nje chini ya paa siku mbili, halikunijia hata kidogo. Kile kilikuwa kichekesho tu. Hii ilikuwa kazi.

Sheria za siri zilisema nisimtajie jina la mlalamikaji mpaka siku yenyewe. Nikamwambia tu kuna kesi ya mwanafunzi na tunataka mtu mwadilifu. Akakubali.

Kemunto naye nilimwambia, "Usiogope, mle ndani kuna mtu wenu."

"Nani?"

"Utamwona." Na nikatabasamu, wakuu. Nilifurahi kama mtu aliyeficha zawadi.

Siku ya kikao Dokta alitangulia. Alizungumza karibu saa nzima, suti nzuri, Kiingereza kinateleza, akasema binti ni mvivu anayetafuta marks za bure. Akatoka.

Kemunto akaingia. Alikuwa amevaa nguo yake ya Sabato, zile kurasa tatu ziko kwenye folder ya plastiki. Akaangaza macho mezani, akamwona mzee.

"Tata," akasema, na kuinama kidogo. Baba.

Mzee akaitikia bila kuinua macho.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja si mtu wa huku, mkarimu tu, hana ubaya. Akamwambia, "Binti yangu, statement yako tunayo, lakini utaratibu ni uisome mwenyewe kwa sauti ili tujue ni maneno yako. Isiposomwa na mwenyewe hatuwezi kuihesabu."

Kemunto akasimama. Akafungua folder. Akatazama ukurasa wa kwanza.

Mvua ikaanza, ile ya kwetu ya saa tisa, na mawe yake, ikipiga mabati. Mwenyekiti akadhani ndiyo inayomzuia. "Tungoje ipungue," akasema. Tukangoja. Dakika kumi hivi, watu sita wanatazama meza na msichana mmoja amesimama na karatasi.

Mvua ikaisha. Ikawa kimya hata matone ya kwenye mfereji yanasikika.

"Haya, soma."

Midomo ya Kemunto ilifunguka. Hakuna kilichotoka.

Nikamtazama Mzee Ombati. Alikuwa ameweka kofia magotini na kutazama ndani yake kama kisima. Hapo ndipo nilipomwona tena chini ya lile paa, na vicheko vyetu vikanirudia vyote kwa pamoja. Nilijua ninachokitazama. Nilikuwa nimemweka binti mbele ya baba yake na kumwambia asome.

Sentensi moja ingetosha. "Madam chair, kwa mila zetu huyu ni baba yake, mzee atupishe kidogo." Basi. Hata kuomba nizisome mimi zile kurasa, nilizijua karibu kwa moyo.

Lakini katibu haruhusiwi kuchangia. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba contract yangu ilikuwa inaisha mwezi ule ule, na rafiki wa Dokta alikuwa ananitazama. Niliogopa. Sina neno lingine zuri la kuweka hapo.

Mwenyekiti akamuuliza, "Kuna mtu amekutisha?" Kemunto hakuinua macho kwenye karatasi. Rafiki wa Dokta akasema, "Labda hakuna cha kusema."

Kemunto akafunga folder. "Naomba kwenda," akasema. Akaenda.

Nami nikaandika kwenye minutes: Mlalamikaji alipewa nafasi ya kujieleza. Alinyamaza.

Malalamiko yakatupwa kwa kukosa uthibitisho. Nilimpigia simu nimweleze kuhusu rufaa, simu imezimwa. Muda wa rufaa ukapita. Contract yangu ikarenewiwa. Dokta tukikutana ananisalimia kwa furaha, ananiita "my brother."

Kesho yake baada ya kikao, Mzee Ombati alikuja ofisini. Hakuketi.

"Kijana, wewe ni mtu wa hapa?"

"Ndiyo mzee."

"Ulizaliwa hapa, ukalelewa hapa?"

"Ndiyo."

"Mimi na baba ya huyo msichana tuliingia jando siku moja. Huyo ni mtoto yangu. Nikitoka, watasema hata watu wao wamemkataa. Nikikaa, hawezi kusema. Nilikaa nikiomba Mungu atoe mmoja wetu kwa hiyo chumba." Akavaa kofia. "Ungeniuliza ningekataa. Hukuniuliza, na yeye hukumuuliza."

Nilitaka kumwambia sheria ya siri. Nikaona ni upuuzi. Akaenda, na tangu siku hiyo hajawahi kuingia ofisi yangu, hata ripoti za shamba anatuma mtu.

Ningeishia hapo kama si mwezi uliopita.

Nilienda mjini Kisii kumnunulia binti yangu sweta ya shule. Lile duka la uniform la Wahindi, mama mwenye duka anaongea Ekegusii kuliko mimi. Nikasogea kwenye kaunta, na aliyekuwa amesimama pale na tepu shingoni ni Kemunto.

"Karibu sir," akasema. Sauti ya kawaida kabisa.

Nikamwambia ninachotaka. Akauliza mtoto ana miaka mingapi, nikasema saba. Akashusha sweta mbili, akazikunjua, akanishauri nichukue kubwa kwa sababu watoto wanarefuka.

Nikasema, "Kemunto, ile siku..."

"Sir, nikuulize kitu kimoja?" Alikuwa anakunja sweta, hanitazami. "Ile siku nilikuja kwa ofisi yako. Nilikueleza vizuri? Ulinielewa?"

"Vizuri sana. Nilielewa yote."

Akafunga mfuko, akanikabidhi. "Nilikuwa nadhani labda ni mimi sikueleza," akasema. "Basi kumbe ulijua."

Nyuma yangu kulikuwa na mteja mwingine, akamkaribisha.

Wakuu, nimetukanwa maishani, lakini hakuna tusi lililowahi kunikaa hivi. Binti alikuwa amekaa karibu mwaka mzima akijilaumu kwamba hakujieleza vizuri. Na mtu ambaye angemwondolea hiyo shaka alikuwa ofisini anakunywa chai chini ya certificate.

Nilichojifunza ni hiki. Training ile haikuwa mbaya. Yule dada alisema kweli yote. Ni sisi tuliokuwa tunajua kitu ambacho yeye hakukijua, na hakuna aliyeinua mkono kumwambia. Ukitaka mtu aseme, muulize kwanza ni nani asiyeweza kusema mbele yake. Mimi nilimchagulia mtu wake bila kumuuliza, na nilipoona kosa langu kwa macho yangu, niliona afadhali yeye aharibikiwe kuliko mimi.

Sasa nimeandika barua. Ukurasa mmoja. Inasema minutes zile hazijakamilika, inaeleza kwa nini mlalamikaji hakuweza kusoma, na inaomba asikilizwe upya na watu aliowakubali mwenyewe, akitaka. Inasema pia kwamba katibu alijua na hakusema.

Iko kwenye begi langu wiki ya tatu sasa. Certificate nimeiteremsha, lakini hiyo ilikuwa rahisi.

Contract inaisha tena mwezi ujao. Naombeni mawazo, hasa wanaojua mambo ya vyuo. Niipeleke kwa nani? Ofisi ya juu, au nje kabisa? Na nianze kwa kumuuliza Kemunto mwenyewe, au nitakuwa namfungulia kidonda dukani kwa watu?

Ila wale wa kunishauri nifikirie familia kwanza, ningoje renewal ndiyo niongee, msijichoshe kuandika. Hiyo sauti naijua. Ndiyo niliyoisikiliza siku ile mvua ilipoisha.