Masikio ya Mbuzi Sita

Soko la Ogwedhi lilipovunjika ghafla nilikuwa na mbuzi sita. Niliwahesabu mara mbili, maana watu wakikimbia hovyo, mbuzi nao huhama chama.

Asubuhi vijana wa upande wa Narok walikuwa wamefukuza ng'ombe wa upande wetu, Uriri, kwenye kijito. Kijito chenyewe kilikuwa kimebaki dimbwi moja. Miti ya kingoni iliishia kuwa makaa, na sitajifanya mgeni: kabla ya mbuzi, niliyabeba makaa hayo kwa pikipiki msimu mzima. Kufikia mchana mawe yaliruka, barabara ikafungwa pande zote mbili.

Mbuzi wangu niliwanunua kwa wafugaji wa Narok, na masikio yao yalikuwa na mkato wa kule. Mnunuzi mwenye akili huwapaka rangi yake palepale sokoni. Mimi nilikuwa bado nabishania bei ya rangi.

Siku ya pili mbuzi walilia kwa kiu. Nikawapeleka kwenye kizuizi cha watu wetu, waliokuwa wameliteka dimbwi.

"Omera, ndugu, hawa ni wa maadui," kijana mwenye rungu alisema, ameshika sikio la mmoja.

"Ni wangu, ndugu yangu. Nimewanunua."

"Sikio linasema vingine."

"Unaamini sikio kuliko mimi?"

"Sikio halijui kupiga bei."

Wakacheka, hata mimi nikacheka. Hawakutupisha.

Kwenye kizuizi cha pili, cha watu wa Narok, alama waliitambua, ila mimi hawakunitambua. "Mzee, hawa umewatoa wapi?" Huku msaliti, kule mwizi. Nafasi ya mfanyabiashara ilikuwa katikati, hatua mia mbili za maduka yaliyofungwa. Nilizipima kwenda na kurudi.

Siku ya tatu mheshimiwa alikuja na magari mawili, akahutubia upande wenye kura zake, akaondoka. Dimbwi hakulitazama.

Nikarudi kwa yule kijana. "Chukua mmoja, waliobaki wanywe."

"Wawili."

Mbuzi mdogo alikuwa ameshalala chini, ulimi nje. Sikubisha.

Wanne wakainama. Maji yakashuka tukiyaona, hadi pua zao zikagusa tope.

"Basi, toa hao!" kijana alifoka. "Ng'ombe wetu je?"

Nikawavuta kwa kamba, videvu vikidondosha matope, nikarudi nao katikati ya maduka. Barabara ilikuwa bado imefungwa.