Mwanamke Aliyeshika Ufunguo wa Ghala

Habari ya kifo chake nilipewa Jumapili nje ya kanisa na mmoja wa makuli wanaopakia magunia kiwandani. Alinisogelea, akanipa mkono, akasema, "Yule mama wa viwango ametutoka." Kabla sijapata la kujibu akaongeza, "Sasa tutapumua." Hakulisema kwa chuki. Alilisema kama mtu anavyosema mvua imekatika, tutoke. Wasomaji wangu mmenizoea katika ukurasa huu nikiwasema marehemu kwa upole, na huyu nilifahamiana naye miaka mingi, kwa hiyo mnaweza kunitarajia nimlilie. Sitafanya hivyo. Marehemu alikuwa mgumu, mara nyingi alikuwa mkatili, na sifa za uongo alizichukia kuliko matusi. Nitasema yaliyompata na yale aliyowafanyia wengine, kwa sababu yote mawili yanawahusu wanaofanya kazi chini ya paa la mtu mwingine.

Alizaliwa Ntobeye, akabaki yatima mapema, akalelewa na shangazi yake. Alisoma, akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika kiwanda cha vinywaji, halafu akarudi kwetu Ngara kusimamia ubora katika kiwanda cha kahawa kilichopo kando ya barabara ya lami. Hakuitwa kwa mapenzi. Aliitwa kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamerudisha kahawa yetu, wakisema inanuka ukungu na ina kokoto, na wakasema hawatanunua tena mpaka kiwanda kifuate viwango vya kimataifa vya usimamizi: cha ubora, cha mazingira, na cha usalama wa watu kazini. Wengi wetu tulidhani kiwango ni karatasi yenye muhuri inayotundikwa ukutani karibu na picha ya Rais. Nilipokwenda kumhoji kwa mara ya kwanza, nilimuuliza hivyo hivyo. Alinitazama kama anayetazama gunia lenye tundu. "Kiwango hakikuambii kahawa yako iwe nzuri," alisema. "Kinakuuliza unajuaje kwamba ni nzuri. Na ikiharibika, kinakuuliza utajuaje imeharibikia wapi."

Akaanza kazi. Kila gunia likawa na alama ya kikundi cha wakulima kilicholileta, ili likikutwa na kasoro ijulikane limetoka kilima gani. Maji machafu ya kuoshea kahawa, ambayo kwa miaka yalikuwa yakimwagwa kwenye kijito wanachochota maji akina mama wa Kanazi, aliyazibia njia na kuyachimbia mabwawa. Mashine zikavalishwa vizuizi ili mikanda isinase nguo za watu. Mwenye kiwanda alilalamika, makuli walilalamika, lakini kahawa ikaacha kurudishwa, na watoto wa bondeni wakaacha kujikuna.

Siku niliyomwelewa ni siku ya kahawa ya shangazi yake. Kikundi cha Ntobeye kilikuwa kimeleta maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kumenywa, na shangazi alikuwa katika foleni na baiskeli yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mizani nikisubiri kuzungumza na mwenye kiwanda. Marehemu alizamisha mkono ndani ya gunia, akanusa, akapima unyevu.

"Hii imeanikwa chini," alisema.

"Mwanangu, mvua haikutupa nafasi mwaka huu."

"Irudi."

"Ni mimi," shangazi alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba labda hakuonekana vizuri.

"Najua ni wewe, shangazi. Ndiyo maana nasema polepole."

Shangazi aliyafunga tena magunia kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma kupanda kilima, na hakuna aliyemsaidia, maana kila mtu aliogopa kupoteza nafasi yake. Baadaye nilimuuliza marehemu kama hakuweza kumwita pembeni. Akaniambia, "Ningepokea ya shangazi, ya nani ningeirudisha?" Heri lawama kuliko fedheha, walisema wahenga, naye aliishi kwa lawama tupu. Msimu uliofuata kikundi cha Ntobeye, kwa hasira, kilijenga vichanja vya kuanikia, na kahawa yao ikawa ya daraja la kwanza. Shangazi hakuileta mwenyewe tena. Alimtuma jirani. Alifariki kabla hawajapatana, na marehemu alikaa nyuma kabisa msibani, kama mtu aliyekuja kwa bahati mbaya.

Jambo la pili ni la ghala, na hili ndilo linaloniuma. Kahawa ikikaa ghalani huingiliwa na wadudu, kwa hiyo hufunikwa maturubai na kuwekewa vidonge vinavyotoa gesi. Gesi ile huua wadudu, na huua watu pia. Kanuni aliyoiweka marehemu ilikuwa fupi: hakuna anayeingia mpaka ghala liingizwe hewa na kipimo kionyeshe kuwa gesi imekwisha. Ufunguo alikaa nao yeye. Siku moja lori lilikuwa limefika kabla ya wakati, na mwenye kiwanda akaja uani akiwa amekasirika.

"Lete ufunguo."

"Gesi bado imo, Mzee."

"Meli bandarini hainisubiri mimi."

"Lori lisubiri. Nimepima, bado."

"Hiki kiwanda ni cha nani?"

"Ni chako. Watakaoingia humo ni watoto wa watu."

Mwenye kiwanda akawageukia makuli waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori. "Mnamsikia? Basi amalize huo ubishi wake, kisha akitafute kiwanda cha hao walioandika viwango, wamwajiri." Makuli wakacheka. Mmoja wao, mwanamume mrefu wa Nemba, upande wa Biharamulo, ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, alivua kofia yake, akaitundika mkononi kama pochi ya mwanamke, akatembea mbele ya wenzake akimwigiza marehemu. Kicheko kikazidi. Marehemu hakutoa ufunguo. Kesho yake asubuhi alipima, akaona pamekuwa salama, akafungua, akasimama mlangoni mpaka gunia la mwisho lilipotoka. Kisha akauweka ufunguo juu ya mizani, akaenda nyumbani akiwa hana kazi.

Cheti cha viwango alichokipatia kiwanda hakikushushwa ukutani. Cheo chake akapewa mpwa wa mwenye kiwanda, kijana mwenye tabasamu zuri, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu neno lolote. Msimu uliofuata lori likasubiri tena, na safari hii ghala likafunguliwa lilipotakiwa, bila kupimwa. Aliyeingia wa kwanza ni yule mrefu wa Nemba, maana alijivunia kuwa wa kwanza kuinua gunia. Alitoka akiwa ameshika kifua, akakaa chini, akasema anasikia kizunguzungu. Wenzake wakampa maziwa, wakidhani yatamsafisha. Hawakuwahi kumfikisha hospitali akiwa hai.

Kwenye mazishi Nemba nilikwenda na mama wa viwango. Hakualikwa, na nilimshauri asiende. Mjane alikuwa amekaa juu ya mkeka katikati ya wanawake wenzake, mtoto mchanga mapajani. Mama wa viwango aliinama, akampa pole. Mjane alimtazama kwa muda.

"Wewe ndiye yule wa ufunguo?"

"Ndiye mimi."

"Mume wangu alikuwa anakuigiza hapa nyumbani. Tulikuwa tunacheka."

Mjane akamvutia mtoto karibu.

"Ulijua kwamba dawa ile inaua?"

"Nilijua."

"Ukaondoka."

"Walinifukuza, mama."

"Ukaondoka," mjane alirudia, akamgeukia mtoto wake.

Wanunuzi walipopata habari walitishia kuvunja mkataba, na mwenye kiwanda, aliyekuwa amemfukuza marehemu kwa dharau, akamtuma mtu amwombe arudi. Alikubali kwa sharti moja. Kila mtu akae uani, kuanzia mwenye mali hadi mfagiaji, na wachunguze kwa pamoja yule mtu alikufaje. Viwango vile vinataka hivyo: kosa likitokea, usikimbilie kumtafuta mkosaji, tafuta chanzo. Nilikuwepo. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya ndizi.

"Aliingia kwa nini?"

"Aliambiwa aingie," akajibu mtunza ghala.

"Aliambiwa kwa nini?"

"Lori lilikuwa linasubiri."

"Kwa nini hakuna aliyesema lisubiri?"

Mpwa wa mwenye kiwanda alitazama viatu vyake. Watu wote wakawa wanamtazama mwenye mali, na marehemu naye akamtazama, na wala hakumsaidia. Mzee yule alijifuta uso kwa leso. Mwishowe akasema, "Kwa sababu aliyekuwa akisema hivyo nilimfukuza."

"Andikeni hivyo," alisema marehemu.

Wakaandika, na mwenye kiwanda akatia sahihi mbele ya makuli wake. Nimehudhuria mikutano mingi katika kazi hii, ya wanasiasa na ya maaskofu, na sijaona tena mtu mwenye nguvu akivuliwa nguo kwa utulivu ule. Ningependa kuishia hapo, haki ikiwa imetendeka. Lakini nimeahidi kusema yote.

Tangu siku ile kiwanda kilikwenda vizuri. Hakuna aliyeumia tena, kahawa ilisifiwa, wakaguzi walikuja na kuondoka wakiwa wameridhika. Ila yeye aligeuka jiwe. Alimfukuza mlinzi aliyejikinga mvua ndani ya ghala, ingawa ghala lilikuwa tupu siku hiyo na mlinzi ana watoto wengi. Alimrudisha nyumbani mama mmoja aliyekutwa akila muhogo karibu na mashine ya kukoboa, akamnyang'anya ule muhogo mbele ya watu. Alipopewa wasaidizi, aliwauliza maswali mpaka wakalia, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kazi. Hakumwamini mtu kwa ufunguo wala kwa kipimo. Nilimwambia siku moja, "Haya yote utamwachia nani?" Akanijibu, "Nimwachie nani? Wale waliocheka?" Nadhani katika kila uso aliouona pale uani alikuwa anauona uso wa yule mjane wa Nemba.

Saratani ya ini haikumpa muda mrefu. Nilimtembelea hospitali siku ambayo ujumbe wa kiwanda ulifika: yule mpwa, pamoja na mtunza ghala, wakiwa na juisi na ndizi. Walimpa pole, wakasali kama inavyotakiwa. Kisha mpwa akasema, "Mama, samahani. Kile kipimo cha gesi ulikiweka wapi?"

Alikuwa amebaki mifupa na macho. Akawaelekeza kabati la ofisini kwake. "Lakini msikiamini," alisema. "Muda wake wa kuhakikiwa umepita. Kipelekeni kwanza kikahakikiwe kama bado kinasoma sawasawa."

"Sawa, mama," alijibu mpwa. Alikuwa ameshasimama. Marehemu aliugeuzia ukuta uso, na mimi nikajifanya ninapanga zile ndizi.

Tulimzika Ntobeye. Mwenye kiwanda alitoa hotuba ndefu, akamwita nguzo, akamwita mama wa mafanikio yetu. Makuli waliochimba kaburi walifanya kazi haraka. Siku chache baadaye nilipita kiwandani. Lori lilikuwa limeegeshwa uani na mlango wa ghala uko wazi. Mtunza ghala akanijia kwa adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa gesi anapima nani?"

"Kipimo bado hakijapelekwa kuhakikiwa," alisema. "Kwa sasa tunanusa."

Alisema kwa uso mtulivu kabisa, akarudi kwenye magunia yake. Gesi ile hunuka kama kitunguu saumu, lakini pua huizoea, na pua ikishaizoea humwambia mwenye nayo kwamba hewa ni safi. Nilimwendea mwenye kiwanda, nikamwambia nilichosikia. Alinisikiliza, akaahidi kukipeleka kipimo, akaniuliza habari za nyumbani. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliwaambia na makuli pia. Wakaniitikia kwa heshima, na nilipokuwa natoka getini nikasikia mtu amesema neno, wenzake wakacheka.

Nimewaza sana tangu siku hiyo kuhusu ni nani aliyeshindwa. Viwango vile vilibuniwa ili wema wa kazi usitegemee mtu mmoja, ili akifa, akifukuzwa, au akiamka vibaya, kahawa iwe safi na mlango ufungwe vile vile. Mwenye kiwanda alitaka cheti bila masharti yake. Marehemu alitaka masharti bila watu. Alikuwa na haki katika kila alilolikataa, na bado hakumfundisha hata mtu mmoja kulikataa baada yake. Alitumia woga, kwa sababu woga ulifanya kazi upesi, na woga humfuata mwenye kuutia mpaka kaburini, hauendi mbali zaidi ya hapo.

Basi wewe unayesimamia watu, uwe na cheti au usiwe nacho, jiulize wanaokutii wanaogopa kitu gani. Makuli wa kile kiwanda walikuwa wanamwogopa yeye, hawakuwahi kuiogopa gesi. Yeye wamekwisha kumzika.