Salamu kwa Mama Mkwe

Ashukuriwe Mungu, aliyeniamsha leo na akili zangu na kunipa mkono wa kuandika. Yeye hutoa, Yeye hupokea, nami sina la kumdai.

Mke wangu alipozidiwa, kwetu Bukoba, alinipa kazi moja. Mama yake alifariki akimzaa. Aliyemlea misheni mpaka akaota meno na kutembea ni muuguzi wa Kiswidi, ambaye baadaye alirudi kwao akafia huko.

"Ukienda kwa binti yetu huko Uswidi," akasema, "fika kaburini kwa yule mama aliyenilea. Mwambie nilizaa sita, na wote sita wako hai."

Nikaahidi. Siku tisa baadaye nikamzika. Tangu hapo nimekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi. Nasali, naimba, nashukuru, ila hakuna kinachonigusa.

Nilikuja Tumba anakoishi binti yangu, na Jumamosi moja akanipeleka kwa gari hadi kijiji cha yule muuguzi, kando ya ziwa Mälaren.

"Baba, viatu vya ibada tena? Huko ni matope matupu!"

"Naenda ukweni," nikamjibu.

Mfukoni nilikuwa na kahawa yetu ya kutafuna, kwa sababu ukweni huendi mikono mitupu.

Tulikuta nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, kanisa la mawe, na jiwe la kale walilochonga wazee wao, maandishi yamejipinda kama nyoka. Niliviona vyote, na ziwa lenyewe, kama mtu aonavyo picha ya kalenda. Makaburini tulipita mstari kwa mstari tukitafuta jina la muuguzi, ambalo ndilo jina la binti yangu. Halikuwepo.

Mama mmoja, mtunza makaburi, aliacha reki yake akatutazamia kwenye orodha. Binti yangu alinifasiria.

"Huku kaburi hukodishwa, Baba. Muda uliisha, hakuna ndugu aliyeongeza, jiwe likaondolewa."

Kisha akamgeukia yule mama na kuanza kumfokea kwa Kiswidi.

"Mwache," nikasema. "Muulize tu alilazwa wapi."

Yule mama alihesabu hatua kutoka ukutani, akasimama penye majani matupu, akaonyesha chini.

Nikavua kofia. Nilisimama kando kidogo, kama mtu asimamavyo mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, Mama. Mimi ndiye niliyemwoa yule mtoto wako. Amefariki. Alizaa sita, wote wako hai. Huyu hapa ni wa nne."

Nikaweka kahawa kwenye majani. Punje mbili nikampa mtunza makaburi. Akatafuna, akakunja uso, akasema neno. Binti yangu, aliyekuwa analia, akacheka.

"Anasema hii ingechemshwa kwanza."

Nilingoja machozi yangu. Hayakuja.

"Na wewe, Baba? Husemi kitu kingine?"

"Nimeshasema nilichotumwa."

Nikavaa kofia. Kazi ya mke wangu ilikuwa imekwisha, na sikuwa na nyingine. Tulirudi kwenye gari polepole, binti yangu amenishika mkono, nami nikamshukuru Mungu kwa mdomo, nikijua anapokea hata shukrani iliyokauka.

Wewe unayesoma, Bwana akulinde. Akupe mtu wa kubeba salamu zako, na akupe miguu ya kufikisha za wenzako. Amina.